Mapitio Huru ya Mtaala wa Shule ya Msingi: Mmeuliza, Tunajibu

Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu kwamba England kuna kipindi walikuwa na mapitio mawili ya elimu ya msingi kwa wakati mmoja, moja limeagizwa na serikali na lingine limejiendesha lenyewe pale Chuo Kikuu cha Cambridge, na kwamba lile la pili lilikataliwa na serikali. Aya moja ikaleta mafuriko ya barua na meseji. Nimechagua chache, naomba mnivumilie maana kuna moja nimeijibu kwa urefu kuliko zote, na sio bahati mbaya.

Mwalimu shikamoo. Nina watoto wawili wanasoma msingi huku England na kila baada ya muda nasikia mtaala unapitiwa upya, na kila kamati inajiita huru. Sasa ipi ni huru kweli? Nitajuaje? (Mama wa Wawili)

Marahaba mama. Swali lako ndo lenyewe hasa. Watu wengi wakisikia "huru" wanaangalia mwenyekiti ni nani, ni profesa au ni mtu wa chama, wakati cha kuangalia kwanza ni hadidu za rejea, yaani ile karatasi inayosema kamati ichunguze nini na isiguse nini. Halafu nani analipa. Halafu ripoti ikiisha inakwenda kwa nani kwanza, kwa wananchi au kwenye meza ya waziri.

Chukua hayo mawili niliyoyataja. Januari 2008 waziri aliyesimamia shule, Ed Balls, alimpa kazi Sir Jim Rose, mkaguzi wa shule wa siku nyingi na mtu anayeheshimika, apitie mtaala wa msingi. Ripoti yake ya mwisho ilitoka Aprili 2009 na jina lake rasmi lilikuwa mapitio huru. Lakini alipewa kazi ya mtaala tu, mitihani ya taifa ikawekwa nje ya kazi yake! Sasa mama wewe una watoto huko, unajua hali ilivyo darasa la sita, muhula wa kabla ya ile mitihani ya Mei ambayo wenyewe wanaiita SATs, watoto wanakalishwa wanafanya majaribio ya miaka iliyopita, Kiingereza na hesabu, Kiingereza na hesabu, historia na muziki vinasubiri mpaka mtihani upite. Kwa hiyo mtaala halisi wa mtoto wa miaka 11 unapangwa na mtihani. Ukimwambia mtu apitie mtaala ila mtihani asiuguse umeshamfunga mkono mmoja, hata awe mwaminifu vipi.

Yale ya Cambridge yalianza mapema kidogo, Oktoba 2006, chini ya Profesa Robin Alexander, na pesa zilitoka kwa Esmée Fairbairn Foundation ambao ni wafadhili binafsi, sio hazina ya serikali. Wao walijiwekea maswali yao, na wakaangalia kila kitu: mtaala, mitihani, ukaguzi, mafunzo ya walimu, utoto wenyewe ukoje siku hizi, na hata sera za serikali. Ndo maana mimi nikiulizwa ipi ilikuwa huru najibu bila kusita.

Habari za kazi mwalimu. Mimi niko chuo cha ualimu mwaka wa pili. Hao wa Cambridge waliongea na walimu na watoto kweli au ni maprofesa walijifungia wakaandika? (Mwalimu Mtarajiwa)

Nzuri kabisa, karibu kwenye kazi yetu. Waliongea nao. Walipokea maoni ya maandishi zaidi ya 1,000, mengine kutoka vyama vikubwa vya walimu na mengine ya mtu mmoja mmoja, wakaagiza tafiti 28 za kupitia ushahidi uliopo duniani, na kabla ya ripoti kuu walikuwa wameshatoa ripoti 31 za awali, moja moja, kila mtu asome na abishe. Hilo la kutoa vipande vipande hadharani mimi nalipenda sana kwa sababu linawanyima wakubwa nafasi ya kuhariri matokeo kimyakimya.

Ila kilichonigusa mimi ni ule mzunguko wao wa mwanzo wa kusikiliza jamii. Waliandaa vikao 87 katika maeneo 9 ya England, wakakaa na watoto, wazazi, walimu, walimu wakuu na watu wengine wa jamii, na ripoti yake ikatoka Oktoba 2007. Watu walikuwa na wasiwasi mwingi, watoto wana presha ya mitihani, dunia inatisha, mazingira yanaharibika, maisha ya familia yamebadilika. Magazeti yalibeba hilo tu. Lakini ndani ya ripoti ileile kulikuwa na jambo jingine ambalo halikupata vichwa vya habari, kwamba pale ambapo shule ilikuwa imewaingiza watoto kwenye mambo yenyewe yanayowatia hofu, kwa mfano mazingira, wakafanya kitu wenyewe, wale watoto walikuwa na matumaini zaidi kuliko wenzao. Hofu ilipungua walipoona wana uwezo wa kufanya jambo. Sasa niambie, hicho ungekipata wapi kwa kukaa ofisini na takwimu za ufaulu? Wewe ukianza kufundisha ukikumbuka hilo moja tu utakuwa umefaidika.

Nimesoma mahali kuwa hao maprofesa walitaka watoto waanze shule na miaka sita. Hivi wanajua wazazi tunafanya kazi? Mtoto wa miaka mitano nimwache na nani? (Baba Asiye na Muda)

Pole baba, na hapo sikulaumu kabisa, maana hivyo ndivyo ilivyotangazwa na nchi nzima ikashikwa na huo mjadala. Pendekezo lenyewe lilikuwa tofauti. England kuna hatua ya awali ya kujifunza ambayo inaisha mtoto akiwa na miaka 5, baada ya hapo anaingia mtaala wa masomo. Walichosema ni ile hatua ya awali iendelee mpaka miaka 6. Mtoto anakwenda shule vilevile, asubuhi unampeleka kama kawaida, kinachobadilika ni anachokuta darasani: anajifunza kwa mchezo, mazungumzo, hadithi, kuhesabu vitu anavyovishika, badala ya kukalishwa kwenye masomo rasmi kabla lugha yake haijakomaa. Finland watoto wanaanza shule rasmi wakiwa na miaka 7 na hakuna anayesema wameachwa nyuma.

Hoja yao ilikuwa kwamba kuwahisha masomo rasmi hakujaonyesha faida ya kudumu, na kwa mtoto ambaye lugha bado ni changa kunaweza kumjengea hisia kwamba shule sio sehemu yake. Akishajiona hivyo na miaka 5, kumrudisha ni kazi.

Mwalimu mimi nafundisha darasa la tatu mwaka wa kumi na kitu huu, nasema wazi, hizi kelele za mtaala mpana mimi sizielewi. Mtoto hajui kusoma unamletea sanaa na sijui uraia ya nini? KKK kwanza, mengine baadaye. Ninakosea wapi? (Chaki Mkononi)

Mwalimu mwenzangu, hapa nitakaa kidogo.

KKK ni lazima, na kwenye hilo hakuna aliyebisha, sio Rose, sio Alexander, sio mimi. Kusoma, kuandika na kuhesabu ndo mlango. Tatizo ni hilo neno lako "baadaye", kwa sababu England walilijaribu kwa nguvu zote za serikali na tunajua lilivyokwenda. Mwaka 1998 ukaletwa mkakati wa taifa wa kusoma na kuandika, ukiwa na saa moja kila siku iliyokatwa kwa dakika: dakika 15 darasa zima linasoma pamoja, 15 za maneno au sentensi, 20 kazi za vikundi au mtoto peke yake, 10 za kufunga. Mwaka 1999 hesabu nayo ikapata mkakati wake. Na ili nafasi ipatikane, mwaka huohuo wa 1998 serikali ikazilegezea shule za msingi masharti ya kina ya historia, jiografia, sanaa, muziki, ufundi na michezo. Mwalimu anasimama mbele ya darasa na saa ukutani inamwambia sasa hamia kwenye sentensi, mtoto yuko katikati ya kuuliza jambo zuri, muda umekwisha.

Sasa sikiliza ushahidi wa zamani kuliko huo. Mwaka 1978 wakaguzi wa shule England walichapisha uchunguzi wao wa shule za msingi na wakakuta kwamba shule zilizokuwa zinafanya vizuri kwenye kusoma na hesabu ni zilezile zilizokuwa zinafundisha mambo mengi, historia ipo, sayansi ipo, sanaa ipo. Ushahidi wa namna hiyo ulirudi tena kwenye ukaguzi wa miaka ya baadaye. Kwa hiyo ule ugomvi wa "viwango au upana" hauna msingi, viwango vinakuja pamoja na upana. Na ukifikiri kama mwalimu unaona kwa nini. Mtoto anasoma nini akishajua kusoma? Anaandika kuhusu nini? Mtoto ambaye wiki nzima hajaona mbegu inachipua, hajasikia habari za watu wa zamani, hajachora wala kuigiza, ukimwambia aandike insha anakaa anatafuna kalamu kwa sababu hana la kusema, na wewe unadhani tatizo ni uandishi.

Ndo maana Cambridge hawakuanza na orodha ya masomo. Walianza na swali elimu ya msingi ni ya nini, wakaweka malengo 12, na humo kuna ustawi wa mtoto, uwezo wa kujitegemea kimawazo, heshima kwa wengine, utunzaji wa mazingira, ubunifu, na majadiliano. Baada ya hapo ndo wakapanga maeneo 8 ya kujifunza: sanaa na ubunifu, uraia na maadili, imani, lugha pamoja na kuzungumza na kusoma, hesabu, afya ya mwili na hisia, mahali na wakati (humo ndo jiografia na historia), na sayansi na teknolojia. Hakuna eneo la daraja la pili. Lugha ilipewa uzito wake kama moyo wa mtaala wote, lakini angalia walivyoiweka, kuzungumza kumewekwa pamoja na kusoma na kuandika, sio nyongeza. Alexander ni mtu ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza maongezi ya darasani katika nchi mbalimbali, na jambo analolisisitiza ni kwamba mtoto anafikiri kwa kuongea, na madarasa mengi mwalimu anauliza, mtoto anajibu neno moja, mwalimu anasema vizuri, wanasonga. Jaribu kesho. Uliza swali ambalo jibu lake linahitaji sentensi tatu, halafu baada ya mtoto kujibu usiseme vizuri, mwulize mwingine anakubaliana naye kwa sababu gani. Utashangaa nani atanyanyua mkono.

Halafu kuna pendekezo lao jingine ambalo naona wengi wamelisahau na mimi ndo nalipenda kuliko yote, kwamba muda wa kufundisha ugawanywe, asilimia 70 mtaala wa taifa na asilimia 30 mtaala wa jamii unaopangwa kule kule, kwa hayo maeneo 8 yote. Yaani watoto wa pwani na watoto wa mji wa viwanda wote wanajifunza historia, lakini karibu theluthi ya hiyo inatoka kwenye historia yao wenyewe na lugha za wazazi wao. Kwa mwalimu hilo lina maana kwamba anaaminiwa kufikiri, sio kutekeleza tu.

Kwa hiyo mwalimu hukosei kusema KKK. Ninachokuomba ni usizisubirishe nyingine.

Lakini mwishowe serikali si ilitupa ripoti yote? Miaka mitatu, pesa, watu wote hao, kapuni. Sasa faida ya uhuru ni nini kama hakuna wa kukusikiliza? (Msomaji Aliyekata Tamaa)

Ripoti kuu ya Cambridge ilitoka Oktoba 2009 ikiwa na mapendekezo 75, na ni kweli, serikali iliikataa haraka mno, kasi ambayo inakuonyesha hawakuwa wameisoma yote, maana ni kitabu kinene. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

Ila angalia kilichoipata ile ya serikali. Rose alipendekeza maeneo 6 ya kujifunza, ikakubaliwa, ikapangiwa kuanza Septemba 2011. Aprili 2010 bunge likiwa linafungwa kwa ajili ya uchaguzi wa Mei, vifungu vya mtaala vikaondolewa kwenye muswada, serikali mpya ikaingia na mwezi Juni ikatangaza haiendelei nayo. Kwa hiyo yote mawili hayakutekelezwa, na kuwa karibu na waziri hakukuiokoa ripoti ya Rose.

Januari 2011 waziri wa elimu wa serikali hiyo mpya, Michael Gove, akaanzisha mapitio yake, akaweka jopo la wataalamu wanne, Tim Oates akiwa mwenyekiti, pamoja na Mary James, Andrew Pollard na Dylan Wiliam. Jopo likatoa ripoti Desemba 2011. Rasimu za mtaala wa msingi zilipotoka 2012 zikiwa zimepanga mambo mwaka kwa mwaka, James na Pollard walipinga hadharani. Mtaala ukaanza Septemba 2014, na humo mtoto wa darasa la nne, miaka 8 mpaka 9, anatakiwa awe anajua jedwali la kuzidisha mpaka 12 mara 12. Hapo unaona ugonjwa mwingine, wataalamu wanaitwa, wanasikilizwa nusu, majina yao yanabaki kwenye jalada.

Sasa geuka upande wa pili wa mpaka, Wales. Huko serikali ilimwita Graham Donaldson, aliyewahi kuongoza ukaguzi wa shule Scotland, wakampa kazi ya mtaala NA tathmini pamoja. Februari 2015 akatoa mapendekezo 68, Juni yakakubaliwa yote. Hawakukimbilia kuchapisha vitabu. Walichagua shule tangulizi, walimu wenyewe wakaandika mtaala, sheria ikapita 2021, na shule za msingi zikaanza Septemba 2022. Miaka saba! Malalamiko yapo, wengine wanasema mtaala umeacha mambo mengi wazi mno na mwalimu asiye na mafunzo ya kutosha anapotea, na hilo nalikubali, uhuru wa mwalimu bila mafunzo ni mzigo. Lakini ndugu yangu inaonyesha kwamba inawezekana, mapitio yakapewa wigo mzima na yakatekelezwa.

Na ya Cambridge haikwenda kapuni. Walimu waliichukua wenyewe, ukaundwa mtandao wa shule, wakaanza kujaribu mambo ya majadiliano darasani na sauti ya mtoto bila kusubiri waraka. Mei 2010 vyama viwili, kimoja cha walimu na kimoja cha walimu wakuu, viligomea ile mitihani ya darasa la sita na kama robo ya shule za msingi hazikuifanya, serikali ikalazimika kuunda mapitio ya mitihani chini ya Lord Bew ambayo yalitoa ripoti mwaka 2011, na insha ya kuandika ikaondolewa kwenye mtihani ikawa inatathminiwa na mwalimu. Hatua ndogo, na baadaye wakaongeza mtihani wa sarufi na tahajia ambao kwa maoni yangu umewafanya watoto wajue majina ya vishazi kabla ya kupenda kuandika.

Na hii ya juzi ya Becky Francis vipi? (Mfupi wa Maneno)

Hayo ni mapitio mengine ya serikali ya England, yaliyoongozwa na Profesa Becky Francis. Yaliundwa Julai 2024 na ripoti ya mwisho ikatoka Novemba 2025. Safari hii mtaala na tathmini viliwekwa pamoja kwenye hadidu za rejea, hilo ni zuri. Uraia unaingia rasmi shule za msingi, nalo nalifurahia. Mitihani ya miaka 11 imebaki, na hapo mimi sikubaliani nao.

Mwalimu, wakitangaza tena kukusanya maoni mimi mzazi wa kawaida niandike nini? Naogopa Kiingereza changu na sina digrii. (Mama Shupavu)

Andika mama, na usijaribu kuandika kama profesa, hao wanao tayari. Wanachokosa ni wewe. Usiandike "elimu imeshuka", andika kilichotokea: mtoto wangu yuko darasa fulani, umri huu, somo hili lilisimamishwa kuanzia mwezi huu mpaka huu, alikuwa anafanya hivi akirudi nyumbani, nilipouliza nikajibiwa hivi. Usitaje jina la mwalimu. Ukurasa mmoja unatosha. Mwulize na mtoto mwenyewe anasemaje, uandike maneno yake kama alivyosema bila kuyarekebisha, maana watoto ndo waliosema mambo ya maana kuliko wote kwenye vile vikao vya 2007. Kiingereza kikikusumbua andika Kiswahili kwanza mpaka uridhike, halafu mtafute mtu unayemwamini akutafsirie, ukae naye pembeni asikupambie. Na uwahi, dirisha la maoni huwa ni wiki chache tu.